Kulipa ili Kuona Jangwa

Lipo swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu niliporudi kutoka safari ya Marekani, nami naona vema kulijibu hapa mbele ya wote kuliko kulijibu barazani kwa mtu mmoja mmoja. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki mtu kutozwa fedha ili aingie mahali ambapo hapana shamba, wala nyumba, wala soko, ila mawe na mchanga na miti ya miiba? Mzee mmoja wa kwetu aliposikia habari hii alicheka hata akafuta machozi, akasema, "Mwalimu, wewe mtoto wa Ugogo umevuka bahari ukatoe fedha kuutazama ukame! Mbona hapa ungeutazama bure, tena mwaka mzima?" Wote waliokuwapo walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini ndani ya maneno ya mzee limo shauri kubwa, maana siku hizi hata sisi twatozwa kiingilio mahali pengi, na wengi hulipa kwa kunung'unika bila kujua walipalo ni la nini.

Basi kwanza niwaeleze mahali penyewe. Katika nchi ya California, upande wa mashariki wa mji wa Los Angeles, iko hifadhi ya taifa iitwayo Joshua Tree. Ukubwa wake ni kilometa za mraba kama 3,200, na ndani yake majangwa mawili hukutana: lile la juu liitwalo Mojave, na lile la chini liitwalo Colorado. Mji wa Twentynine Palms, ulio kando ya hifadhi, hupata mvua ya milimita kama 100 kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi husema ni kavu, hupata kama milimita 570. Kwa hiyo msomaji na afahamu ya kuwa ukame wa kwetu, mbele ya ule, ni kama neema.

Hifadhi imepewa jina la mti mmoja wa ajabu. Mti huo ni jamaa ya mkonge wetu; majani yake ni makali kama visu, na matawi yake yameinuka huku na huku kama mikono ya mtu aombaye. Husimuliwa ya kuwa Wamormoni waliopita huko katika karne ya 19 waliuona wakamkumbuka Yoshua, ndipo wakauita kwa jina lake. Mti huo hukua polepole mno, sentimeta chache tu kwa mwaka, na mingi huishi zaidi ya miaka 100. Maana yake, mtu akiukata leo kwa shoka, mjukuu wake hatauona mwingine ulio sawa na ule mahali pale. Neno hili naomba msilisahau, kwa kuwa shauri lote la fedha limejengwa juu yake.

Zamani hapakuwa na lango wala mlinzi. Wenyeji wa kale, Waserrano, Wachemehuevi, Wacahuilla na wengine, walikaa penye chemchemi na mitende wakaijua nchi ile kama sisi tuijuavyo mito yetu ya mchanga. Kisha motokaa zikaja, na pamoja nazo watu wa mijini waliong'oa mimea ya jangwani kwa magari wakaipande katika bustani zao. Palikuwa na mama mmoja wa California, Bi. Minerva Hoyt, ambaye alipofiwa na mwanawe na mumewe alipata faraja katika kimya cha jangwa. Alipoona linavyotekwa, alianza kusema mbele ya wakubwa, akafanya maonyesho ya mimea ya jangwa hata London. Mwisho, tarehe 10 Agosti 1936, Rais Franklin Roosevelt aliitia nchi ile katika ulinzi wa serikali. Na mwaka 1994 ikafanywa hifadhi ya taifa. Hivyo lango lilikuja baada ya wizi, kama vile mtu aanzavyo kuweka boma baada ya fisi kuchukua mbuzi.

Mimi nalifika huko mwezi wa Machi 2024. Nalikuwa California kwa mafunzo ya walimu, na mwenyeji wangu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kufundisha, alinichukua pamoja na mkewe twende tukalale jangwani siku mbili. Mlangoni pana kibanda kidogo, na mlinzi amesimama dirishani. Bei za wakati ule zilikuwa hizi: motokaa moja ya watu binafsi, dola 30, pamoja na wote waliomo, wakiwa mmoja au watano, na ruhusa hiyo hudumu siku 7. Mwenye pikipiki, dola 25. Aendaye kwa miguu au kwa baiskeli, dola 15. Watoto wasiofika miaka 16 hawakutozwa kitu.

Nalitoa mkoba wangu nisaidie kulipa, lakini mzee alinizuia, akatoa kadi ndogo. Kwa sheria yao, raia au mkaaji wa kudumu aliyefikia miaka 62 aweza kununua kadi ya maisha, nayo humwingiza yeye na waliomo katika motokaa yake katika hifadhi zote za taifa mpaka siku ya kufa kwake. Zamani kadi hiyo ilikuwa dola 10. Mwaka 2017 ikapanda kuwa dola 80. Kadi kama hiyo hupewa bure mtu aliye na ulemavu wa kudumu. Nami, mgeni wa Afrika, nikapita kwa kadi ya mzee.

Ada ya kambi ni jambo jingine, wala haimo ndani ya kiingilio. Katika hifadhi ile ziko nafasi za hema kama 500, zilizotawanyika katika kambi kadha wa kadha. Miaka ile usiku mmoja ulikuwa kati ya dola 15 na 25, na kambi zenye maji ya bomba zilikuwa za bei ya juu. Sisi tulilala katika kambi iitwayo Jumbo Rocks, katikati ya majabali makubwa kama yale ya njia ya Singida. Huko hapana maji hata tone. Kila mtu huja na maji yake katika madebe, na kuni zake pia, kwa kuwa ni marufuku kuokota hata kijiti kilichokauka. Kila nafasi ina meza, na jiko la chuma la kuotea moto. Na kwa watu wote wa kambi viko vyoo vya shimo. Nafasi moja haizidi watu 6. Mwenye kadi ya uzee hulipa nusu, basi fedha tuliyotoa haikuwa nyingi.

Usiku baridi ilikuwa kali hata nikavaa nguo zote nilizokuja nazo. Tulipokuwa tukiota moto nalimwuliza mzee swali lile lile ambalo baadaye nilikuja kuulizwa nyumbani: "Bwana, mbona mwalipa fedha kulala juu ya mchanga?" Akanijibu, "Mwalimu, mchanga ni bure. Ninyi Waafrika mwasemaje juu ya choo? Nani hukitapisha kikijaa?" Jibu hili naliliona la mzaha, lakini kesho yake aliponieleza yaliyotokea miaka mitano kabla, nalifahamu ya kuwa alisema kweli tupu.

Mwezi wa Desemba 2018 Rais na Bunge la Marekani hawakupatana juu ya fedha za ukuta wa mpakani. Tarehe 22 fedha za ofisi nyingi za serikali zikakoma, na watumishi wengi wakarudishwa majumbani mwao bila mshahara. Jambo hilo lilidumu siku 35, mpaka 25 Januari 2019. Lakini malango ya hifadhi nyingi hayakufungwa. Joshua Tree ikawa wazi, hapana wa kutoza kiingilio, walinzi wakiwa wachache mno kwa nchi kubwa kama ile, tena katika siku za sikukuu ambazo watu ni wengi. Basi hapo ndipo ulimwengu ulipoona jangwa la bure lilivyo. Takataka zilifurika. Watu walipiga hema mahali pasiporuhusiwa, wakapitisha motokaa juu ya mimea wakajifanyia njia mpya, na miti ya Yoshua ikaharibiwa. Vyoo vikakaribia kujaa, hata tarehe 2 Januari kambi zikafungwa kwa ajili ya afya ya watu. Wakaaji wa miji ya jirani, kwa hiari yao, waliingia na mifagio na mifuko wakisafisha vyoo na kuzoa taka. Hao nawasifu sana. Lakini hata wao hawakuweza kuushika mzigo ule kila siku.

Wakubwa wa hifadhi walipoona hali ile, walichukua fedha za viingilio zilizokuwa akibani wakawarudisha baadhi ya watumishi kazini, na hifadhi haikufungwa kabisa. Na sasa sikilizeni jambo lililonishangaza kuliko mawe yote ya huko. Mwezi wa Septemba 2019 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilitoa hukumu ya kuwa kutumia fedha zile kwa kazi ile kulivunja sheria, kwa sababu viingilio vimewekewa matumizi yake. Hakuna aliyesema ya kuwa fedha ziliibwa. Zilitumika kusafisha vyoo na kulinda nchi. Hata hivyo mkaguzi aliuliza: Je, fedha hii mlipewa kwa kazi hii? Naliwaza, laiti vikoba vyetu vyote vingekaguliwa hivyo.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2004. Huagiza ya kuwa katika kila dola 100 za kiingilio na kambi, si chini ya dola 80 zibaki katika hifadhi ile ile iliyozikusanya, kwa kutengeneza njia, vyoo, alama za barabarani, na kuwahudumia wageni. Zinazosalia husaidia hifadhi nyingine, pamoja na zile zisizotoza kitu. Kwa hiyo mtu alipaye mlangoni aweza kuingia akatazama kwa macho yake: hiki ndicho choo changu, na hii ndiyo njia yangu. Fedha haiendi mbali na macho ya mwenyewe. Hilo ndilo lililonifanya niseme ya kuwa kiingilio kile ni cha haki kwa asili yake.

Lakini haki ya asili haitoshi. Iko na haki ya kipimo. Mwezi wa Oktoba 2017 wizara isimamiayo hifadhi zao ilitoa shauri ya kupandisha kiingilio hata dola 70 kwa motokaa moja, katika miezi ya watu wengi, katika hifadhi 17, na Joshua Tree ilikuwa mojawapo. Sababu ilikuwa ya kweli: barabara na majengo yalikuwa yamechakaa, na kazi ya kuyatengeneza imelimbikizana miaka mingi. Lakini watu zaidi ya 100,000 walituma maoni yao, na wengi walikataa. Mzee mwenyeji wangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia ya kuwa yeye mwenyewe hakuwa na hasara yoyote, kwa kuwa ana kadi yake ya uzee. Lakini katika darasa lake miaka yote walikuwamo watoto ambao baba zao huchuma matunda katika mashamba ya watu, na dola 70 kwa baba wa namna hiyo ni chakula cha nyumba. "Nchi ni ya wote," alisema, "na mlango ulio mpana kwa tajiri na mwembamba kwa maskini si mlango wa wote." Mwezi wa Aprili 2018 shauri ile iliachwa, nyongeza ikawa ndogo, na Joshua Tree ikafika dola 30.

Kama mwalimu nalifurahi pia kusikia habari ya watoto wa darasa la 4. Mwaka 2015 serikali yao ilianza kuwapa watoto wa darasa hilo cheti cha mwaka mmoja, mtoto aingie hifadhini bure pamoja na jamaa yake waliomo motokaani. Ni hekima kubwa, kwa kuwa mtoto ndiye humvuta baba, na aliyelipenda jangwa akiwa na miaka 10 hatalichoma akiwa na miaka 30.

Juu ya wageni, sisi wa Tanzania tuna desturi yetu ya siku nyingi: raia hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na mgeni wa ng'ambo hulipa kwa dola, tena mara nyingi zaidi. Wageni wengine hulalamika, lakini mimi sioni kosa, maana raia hulipa kodi mwaka mzima na ndiye akaaye karibu na tembo wanaokula mahindi yake. Marekani nao, tangu 1 Januari 2026, wameanza njia kama hiyo: kadi ya mwaka ya hifadhi zote ni dola 80 kwa mkaaji wa nchi, na 250 kwa mgeni, tena katika hifadhi 11 zipendwazo sana, mgeni aliyefikia miaka 16 asiye na kadi huongezewa dola 100. Joshua Tree haikuwekwa katika hizo 11. Sisi tulioanza kutofautisha kabla yao hatuna neno la kuwalaumu, ila tuwaombe wasisahau kipimo.

Liko na jambo la namna ya kulipa. Kaskazini ya Joshua Tree, katika California hiyo hiyo, iko hifadhi nyingine ya jangwa iitwayo Death Valley, yaani Bonde la Mauti, mahali pa chini na pa joto kupita kiasi. Mwaka 2022 hifadhi ile ilipokea fedha taslimu dola 22,000, lakini kuzihesabu, kuziandika na kuzisafirisha kwa gari la ulinzi kuligharimu zaidi ya dola 40,000. Basi tangu 1 Juni 2023 walikataa noti na sarafu, wakapokea kadi ya benki tu. Mkimpa mtoto wa shule hesabu hii atasema wamefanya sawasawa. Hata malango ya hifadhi zetu hayapokei noti siku hizi. Lakini hesabu haimwoni mkulima aliyekuja na noti zake safi, alizozipata kwa jasho, asiye na akaunti benki. Kwake yeye lango limefungwa, ijapokuwa fedha anazo. Nadhani ingefaa pawe na njia moja iliyosalia kwa mtu wa namna hiyo, kama sisi tupatavyo kutuma fedha kwa simu dukani kwa jirani.

Sasa turudi kwetu, maana habari ya mbali isiyo na faida nyumbani ni hadithi tu. Katika kijiji kimoja kilicho jirani na shule niliyofundisha, palichimbwa kisima cha mashine. Kamati ikaagiza kila ndoo ilipiwe shilingi 50. Miezi ya kwanza watu walilipa bila neno. Kisha wakauliza hesabu, wasisomewe. Mkutano wa kijiji ukaitishwa mara mbili, na mara mbili daftari "limesahaulika nyumbani." Basi akina mama wakachukua ndoo zao wakarudi mtoni kufukua mchanga, kama walivyofanya bibi zao, wakiyachota maji yale yale wanyweayo ng'ombe. Mashine ilipoharibika hapakuwa na fedha ya kununua kifaa kilichovunjika. Msimu mzima wa kiangazi watoto walikuja shuleni wamechoka, wengine wakiugua tumbo. Baadaye kamati mpya ilichaguliwa. Hiyo ilibandika hesabu ya kila mwezi ukutani, kwa maandishi makubwa. Ikawatoa katika malipo wajane wazee na wasiojiweza. Na bei ikabaki shilingi 50. Watu wakalipa. Fedha ilikuwa ile ile na maji yale yale, ila sasa waliona iendako.

Nami nimelinganisha mambo haya mawili, jangwa la California na kisima cha Ugogo, nikapata maswali matatu ya kuuliza kila tutozwapo kiingilio, kiwe cha hifadhi, cha kisima, cha soko au cha daraja. Kwanza: Kitu hiki chahitaji kutunzwa na nani, na asipokuwapo nini kitatokea? Joshua Tree ilijibu swali hili katika siku 35. Pili: Fedha yabaki wapi, na nani huikagua? Tatu: Asiye nacho amewekewa mlango gani? Ikiwa majibu ni mema, mtu na alipe kwa moyo, wala asijifiche nyuma ya maneno ya kuwa mchanga ni wa Mungu. Ikiwa majibu ni mabaya, na asimame mkutanoni aulize kwa heshima, akiwa na risiti yake mkononi. Maana alipaye na kunyamaza huwalea wezi, na akataaye kulipa bila kuuliza huwaua visima.

Najua wako walimu wenzangu na wazee wenye mawazo mengine, hasa juu ya kutofautisha mwenyeji na mgeni, na juu ya kukataa fedha taslimu. Hao nawaomba waandike katika gazeti hili, tupate kusikia na kupima pamoja.